Mohamed Husen

Bayume Mohamed Husen (jina la kuzaliwa: Mahjub bin Adam Mohamed, Dar es Salaam, 22 Februari 1904 – Sachsenhausen, 24 Novemba 1944) alikuwa mwigizaji wa filamu na mwalimu wa Kiswahili nchini Ujerumani. Alionekana katika filamu zaidi ya 20 za Kijerumani kabla ya kufungwa na serikali ya Nazi.

Utoto na vita

Baba yake alikuwa Msudani mwenye cheo cha efendi katika Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Kijerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Husen aliingia jeshini pamoja naye akiwa na umri wa miaka 10 tu. Jeshi hilo lilirudi nyuma kupitia bonde la Rufiji hadi kusini. Oktoba 1917 Husen alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, upande wa Lindi, akatekwa na Waingereza.

Berlin

Baada ya vita alifanya kazi melini. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ya kijeshi ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Wizara ya Mambo ya Nje ilimjibu kwamba amechelewa mno.

Hakurudi. Alipata kazi ya uhudumu Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe karibu na Potsdamer Platz. Kumbi zake zilipambwa kwa sura ya nchi mbalimbali, na wageni walikula huku wakiburudishwa kwa muziki na ngoma za kabareti. Mhudumu mwenye sura ya kigeni alikuwa naye sehemu ya mapambo. Husen alifundisha pia Kiswahili katika chuo kikuu cha Berlin, chini ya mtaalamu wa lugha Diedrich Westermann.

Tarehe 27 Januari 1933 alimwoa Maria Schwandner, siku tatu kabla ya Adolf Hitler kushika madaraka. Mwaka uliofuata aliomba nishani ya wapiganaji wa Vita Kuu, akakataliwa.

Filamu

Wanazi walitaka makoloni yarudi, na filamu zilisaidia kueneza dai hilo. Waigizaji Waafrika walihitajika kama askari, wapagazi na watumishi. Husen alionekana katika "Die Reiter von Deutsch-Ostafrika" (1934), kisha katika filamu nyingine nyingi, mara nyingi bila jina lake kutajwa.

Nafasi yake kubwa zaidi ilikuwa Ramasan katika "Carl Peters" (1941), pamoja na nyota Hans Albers. Peters ndiye aliyekusanya mikataba Usagara mwaka 1884, na Waafrika walimkumbuka kama "Mkono wa Damu". Filamu inamwonyesha kama shujaa, na Ramasan ni mtu wake mwaminifu.

Kifo

Mwaka huohuo wa 1941 Gestapo walimkamata Husen kwa kosa la "kuchafua mbari", yaani uhusiano na mwanamke Mjerumani. Bila kufikishwa mahakamani, alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia huko baada ya miaka mitatu.

Tangu 2007 kuna jiwe la kumbukumbu lenye jina lake mbele ya nyumba alimoishi, Brunnenstraße 193. Maisha yake yamesimuliwa pia katika filamu ya Eva Knopf, "Majubs Reise" (2013), iliyotumia vipande vya filamu alizoigiza.