Biti na Upeo wa Mwanga katika Kamera

Mtu apigapo picha Jiwe la Mbuji, wilayani Mbinga, wakati wa adhuhuri, hupata taabu. Mgongo wa mwamba humeremeta kwa jua, ilhali penye kivuli ni giza. Mwamba ukionekana vema, kivuli huwa cheusi. Kivuli kikionekana, mwamba huwa mweupe mtupu. Uwiano kati ya mwanga mkubwa kabisa na mdogo kabisa ambao kamera huweza kuutambua kwa mara moja huitwa upeo wa mwanga.

Watu wengi hudhani kuwa upeo huo huletwa na idadi ya biti. Je, ni kweli? Biti 8 hutoa vidato 256 vya mwanga, biti 12 hutoa 4,096, na biti 14 hutoa 16,384.

Tuchukue mfano wa ndoo. Mwanga uingiapo katika kila pikseli ya kamera ya dijiti huzalisha elektroni, nazo hujikusanya kama maji katika ndoo. Ukubwa wa ndoo ndio kikomo cha juu. Viwimbi vya maji, yaani makelele ya umeme, ndivyo kikomo cha chini. Biti ni alama tu zilizochorwa ubavuni.

Tuseme pikseli hubeba elektroni 40,000, na makelele ni elektroni 5. Uwiano ni 8,000. Kwa biti 12, kila alama ni elektroni 10 hivi, na mwanga hafifu hupotea. Kwa biti 14, kila alama ni elektroni 2 na kitu, zatosha. Kwa biti 16, alama huzidi hata idadi ya elektroni. Kinachopimwa ni viwimbi, wala si maji.

Jambo hili lina uzito kwa Ziwa Nyasa. Maji ya kina kirefu hurudisha sehemu ndogo tu ya mwanga wa jua, na mawingu juu yake hung'aa mno. Setilaiti ya Landsat 5, iliyorushwa mwaka 1984, ilipima kwa biti 8, hivyo maji yalibanwa katika vidato vichache vya chini. Tope jepesi litokalo mto Ruhuhu lilikuwa vigumu kutofautishwa na maji safi. Landsat 9, iliyorushwa mwaka 2021, hupima kwa biti 14. Lakini makelele yake nayo yamepunguzwa. Bila hilo, biti za ziada zisingeonyesha tope lolote.