Barafu Inavyopasua Chuma

Msomaji wetu wa Madale ana mdogo wake Minnesota, Marekani, aliyenunua boti ya kuvulia samaki ziwani. Kila Oktoba humlipa fundi aje aimiminie injini dawa ya rangi ya waridi, kisha boti hufunikwa turubai mpaka Aprili. "Kweli baridi inaua injini," anauliza msomaji, "au mdogo wangu anapigwa?"

Hapigwi. Ila muuaji si baridi, ni maji yaliyosahaulika ndani. Injini nyingi zinazokaa ndani ya boti hupozwa kwa maji yaleyale ya ziwani: huvutwa, huzungushwa kwenye vijia vya bloku, kisha hutemwa nje. Ukizima, mengine hubaki kwenye kona. (Zile za kutundikwa nyuma hujimwaga zenyewe zikisimamishwa wima.) Habari za pampu na termostati tuziache, hazina utamu. Utamu uko kwenye maji.

Karibu kila kitu kikipoa husinyaa. Maji nayo husinyaa, lakini yakifika nyuzi 4 za Selsiasi hugeuka na kuanza kutanuka, na yakiganda hutanuka kwa mkupuo, takriban asilimia 9.

Panda daladala ya Tegeta saa kumi na mbili jioni. Abiria wamebanana, huyu kashika bomba, yule kaning'inia mlangoni, na kila kituo wanabadilishana nafasi. Hizo ndizo molekuli za maji yasiyoganda. Sasa konda atoe amri ya ajabu: kila abiria awashike wenzake wawili kwa mikono yake miwili, na mabega yake mawili yashikwe na wengine wawili, mikono yote iwe imenyooka, na asisogee tena mtu. Mikono ni atomu mbili za hidrojeni. Mabega ni jozi mbili za elektroni kwenye oksijeni. Amri ikitimizwa, katikati ya abiria hubaki uwazi ambao hakuna anayeruhusiwa kuujaza, hata awe mtoto wa shule. Watu ni walewale, hajaongezeka hata mmoja, lakini gari haliwatoshi. Lazima bodi ipasuke.

Bodi hiyo ndiyo bloku ya injini. Barafu iliyobanwa pasipo upenyo, kwenye nyuzi 22 chini ya sifuri, yaweza kusukuma kwa shinikizo la angahewa zipatazo 2,000. Tairi la gari dogo lina mbili au tatu. Na usiku wa Januari Minnesota kufika nyuzi hizo si ajabu.

Uwazi huohuo ndio unaoifanya barafu ielee. Waongoza watalii wa Kilimanjaro wanaujua vizuri: usiku wa kupanda Uhuru, mita 5,895, chupa za maji hugeuzwa kichwa chini, barafu ianzie kitakoni na mdomo ubaki wazi.

Dawa ya waridi ni propilini glikoli. Mafundi wa magari huku jamii yote hiyo huiita kulanti. Mimi ningeiita kizuiamgando, nikijua gereji watanicheka. Kazi yake ni kujipenyeza kati ya abiria na kuwavurugia kushikana. Tamu zaidi ni ndugu yake wa kwenye rejeta, ethilini glikoli. Peke yake huganda kwenye nyuzi kama 13 chini ya sifuri. Ichanganye nusu kwa nusu na maji, ambayo huganda kwenye sifuri, na mchanganyiko utastahimili hadi nyuzi kama 37 chini! Kila mmoja anamharibia mwenzake safu. Hiyo ya rejeta ni sumu, ndiyo maana ziwani hupendelewa propilini. Vipimo soma kwenye dumu.

Wenye boti Kunduchi na Mbweni msihangaike na dawa hiyo. Adui yenu ni chumvi: suuzeni injini kwa maji ya bomba kila mnapotoka baharini, na msiilaze msimu mzima kabla ya kuisuuza. Lakini ukinunua injini ya mtumba iliyotoka nchi za baridi, mulika bloku kwa tochi, tafuta ufa au alama ya kuchomelewa, kisha chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa na weupe wa maziwa, iache hapohapo.