Chombo Kinapokataa Amri

Msafiri aliyetoka Kilosa kwa tawi la reli lipitalo Mikumi hadi Kidatu alisafiri juu ya reli zenye upana wa milimita 1,000. Tawi hilo lilifika Kidatu katika miaka ya 1960. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ikapita hapo hapo Kidatu ikiwa na upana wa milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67 tu, haifikii hata upana wa kiganja, lakini hakuna behewa la kawaida liwezalo kuivuka. Kwa sababu hiyo mwaka 1998 kilifunguliwa Kidatu kituo cha kuhamishia mizigo kutoka reli moja hadi nyingine. Na treni za umeme zilizoanza kupita Kilosa kwenda Dodoma mwaka 2024 zina reli ya upana wa tatu, milimita 1,435.

Katika habari hiyo hakuna behewa bovu wala reli mbovu. Kilichokosekana ni mapatano kati ya viwili hivyo. Vyombo vya elektroniki navyo hushindwa kwa namna hiyo hiyo, ila upana wake hauwezi kupimwa kwa rula, kwa kuwa umeandikwa ndani ya kipande cha kumbukumbu kisichopoteza maandishi yake umeme unapokatika. Maandishi hayo ndiyo programu ya ndani ya chombo. Chombo kinapowashwa, programu hiyo hutangulia kufanya kazi: hukitambulisha kichakato mahali ilipo kumbukumbu, vitufe na kioo, kisha huamua ni programu gani nyingine iruhusiwe kuingia.

Mahali ambapo jambo hili huonekana wazi sana ni katika mitambo ya kutengenezea michezo ya video. Wengi huijua mashine ya michezo iuzwayo dukani, kama vile PlayStation 3 iliyotoka mwaka 2006. Wachache wanajua kwamba kampuni huunda pia mashine za namna nyingine kwa ajili ya watengenezaji wa michezo peke yao. Ule mtambo mkubwa wa watengenezaji wa PlayStation 3 ulikuwa na kumbukumbu kuu ya megabaiti 512 badala ya 256 za mashine ya dukani, na ndani yake mlikuwa na kompyuta ndogo ya pili iliyoshughulikia mawasiliano na meza ya mtengenezaji.

Hata hivyo tofauti kubwa haimo katika vipande hivyo. Mashine ya dukani hupokea tu programu iliyotiwa saini ya hisabati na kampuni, na programu isiyo na saini hiyo hukataliwa mlangoni. Mtengenezaji hawezi kufanya kazi kwa sharti kama hilo, maana hubadilisha mchezo wake mara nyingi kwa siku, na hawezi kuomba saini kila mara. Basi mtambo wake una programu ya ndani iliyo tofauti, yenye funguo tofauti. Programu ya ndani ya dukani ikilazimishwa kuingia katika mtambo wa kazi, au kinyume chake, mara nyingi matokeo ni chombo kisichoamka. Mafundi wa simu wanaijua hali hiyo vizuri: simu iliyoflashiwa kwa toleo lisilo lake hubaki nyeusi, ingawa ndani yake hakuna waya uliokatika.

Kuna na suala la umri. Mchezo uliotengenezwa kwa zana za toleo jipya hudai programu ya ndani isiyo ya zamani kuliko zana hizo. Kupanda toleo ni rahisi. Kushuka huzuiwa makusudi. Katika mashine ya Xbox 360 walitia fyuzi ndogo mno ndani ya kichakato chenyewe, biti 768 kwa jumla, na baadhi ya mabadiliko ya toleo huunguza fyuzi kadhaa. Fyuzi iliyokwisha ungua hairudi, na mashine huzihesabu kila inapowashwa ili ijue ni toleo gani la zamani lisikubaliwe tena. Ni njia ya ukali, lakini imebuniwa kwa akili.

Je, mtambo uliokufa hufufuliwa vipi? Wabunifu wa PlayStation 3 waliweka katika kumbukumbu nafasi mbili za kiini cha programu ya ndani. Toleo jipya huandikwa katika nafasi moja huku la zamani likibaki salama katika nafasi ya pili, hivyo umeme ukikatika katikati ya kazi si lazima kila kitu kipotee. Hilo lisipofaa, fundi hufungua mashine, huunganisha nyaya kwenye kipande cha kumbukumbu, na kuandika upya nakala nzima. Lakini nakala ipi? Sehemu ya maandishi hayo imefichwa kwa ufunguo wa kichakato kile kimoja, na nakala ya mashine ya jirani, hata kama ni ya toleo lile lile, haitasomeka. Fundi mwenye busara husoma kumbukumbu ya mashine kabla ya kuigusa, huisoma mara ya pili, na kulinganisha nakala hizo mbili herufi kwa herufi. Zikitofautiana hata mahali pamoja, waya mmoja haukushika vizuri, na kazi huanza upya.

Mtu wa Kilosa au Mikumi asidhani kwamba mambo haya ni ya nchi za mbali. Mwaka 2024 nyumba zenye mita za LUKU nchini Tanzania zilipitia badiliko la aina hii. Tokeni ya LUKU yenye tarakimu 20 hubeba, pamoja na kiasi cha umeme, namba ya wakati ilipotolewa, ikihesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Mita huikumbuka namba hiyo ili tokeni moja isitumike mara mbili. Namba yenyewe imepewa nafasi ya biti 24, yaani haiwezi kupita dakika 16,777,216. Mwanafunzi akigawanya hesabu hiyo kwa 1,440 atapata siku 11,650 na kitu, na akizipanga katika kalenda, bila kusahau miaka mirefu, ataangukia tarehe 24 Novemba 2024.

Baada ya siku hiyo mita ya zamani isingekuwa imeharibika. Ingeendelea kupima umeme uliobaki, lakini tokeni mpya ingeikataa. Bahati njema ni kwamba waliobuni mfumo huo waliacha mlango: mita inaweza kubadilishwa ufunguo kwa vitufe vyake yenyewe, pasipo fundi kuifungua. Hivyo mnunuzi wa umeme alipokea makundi matatu ya tarakimu 20. Mawili ya kwanza yaliibadilisha mita na kuihamishia kwenye hesabu mpya, na la tatu ndilo lililoleta umeme. Aliyeingiza la tatu kwanza alikataliwa, na baadhi ya watu walidhani wamedanganywa.

Hesabu mpya inaanzia tarehe 1 Januari 2014, nayo ina nafasi ile ile ya biti 24. Darasa likirudia hesabu ya hapo juu kwa mwanzo huo litaona kwamba itajaa tarehe 24 Novemba 2045.