Meli Zilitoka Kisumu, Kanisa Likabaki Bukoba

Jumapili iliyopita nilikuwa Dunga na mabeshte wawili, tukingoja samaki. Hesabu ya Dunga unaijua: unachagua ngege wako mwenyewe, unaambiwa dakika 20, unakaa saa nzima ukitazama mafunjo na maboti. Mmoja akauliza, ukikata ziwa kutoka hapa unatokea wapi? Mwingine akasema Uganda. Nikawaambia inategemea nahodha, lakini mwaka wa 1915 kuna watu walitoka huku wakatokea Bukoba, na hawakuwa wameenda kununua ndizi.

Ni vita, buda. Vita Kuu ya Kwanza. Kisumu ilikuwa ya Mwingereza, reli ilikuwa imefika tangu 1901. Bukoba, ng'ambo ya kusini magharibi, ilikuwa ya Mjerumani. Juni 1915 meli kama Winifred, Usoga, Nyanza na Rusinga zilijaza wanajeshi bandarini Kisumu zikaenda kuvamia. Walitaka kuvunja mtambo wa simu ya upepo ambao Wajerumani walitumia kupasha habari. Walipigana siku mbili, wakavunja mtambo, wakapora mji kwa ruhusa ya wakubwa wao, wakapanda meli, wakarudi nyumbani. Mwaka uliofuata Waingereza walikuja tena, safari hii wakakaa.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo vitabu vinapenda: meli, bunduki, majenerali. Mimi niliposoma nilijiuliza swali dogo tu. Bukoba kulikuwa na Walutheri. Jumapili baada ya kelele zote hizo, nani alifungua mlango wa kanisa?

Tuanze nyuma kidogo. Wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walifika Bukoba mwaka wa 1910. Lakini usidhani waliwakuta watu wamekaa tu wakingoja mzungu. Kabla yao tayari kulikuwa na Wahaya waliojifunza kusoma Buganda, wakarudi nyumbani na Biblia ya Kiganda na kusali kwa siri kwa sababu ilikuwa hatari. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Andrea Kajerero. Kwa hivyo wamisionari walipata kikundi kilichokuwa tayari kinajua kusali bila wao. Kumbuka hiyo, itakuja kufaa.

Waingereza walipochukua nchi, wamisionari Wajerumani waliondolewa. Sasa fikiria wewe ni Mkristo wa Bukoba. Mchungaji wako ni adui wa serikali mpya. Kanisa lako lina jina la adui. Na jirani, Uganda, kuna Waanglikana wanaosoma Biblia ileile ya Kiganda unayoijua, na ambao ni dini ya bwana mpya. Walikuja kusaidia, na wengine walihamia kwao. Siwalaumu hata kidogo. Ningekuwa mimi, ningehama Jumatatu asubuhi.

Miaka ya 1920 wakaja Wamethodisti kutoka Afrika Kusini, waliokabidhiwa kazi ile. Ni kama kurithiwa. Hakuna aliyewauliza waumini. Na hapo ndipo Kajerero na wenzake wakakataa: sisi ni Walutheri, tutabaki Walutheri. Watu hawa hawakuwa na serikali nyuma yao, wala pesa kutoka Ulaya. Hata hivyo walishikilia, na wamisionari wa Bethel walipopata ruhusa ya kurudi, walikuta bado kuna watu wa kuwapokea.

Hii inanigusa kwa sababu ya kitu cha nyumbani. Kanisa letu la mtaani, la mabati, lilikufa siku mchungaji alipohama na spika, viti vya plastiki na nusu ya waumini. Hapakuwa na vita. Wiki mbili tu, na lile banda likawa la kuosha magari. Hata mama yangu, ambaye alikuwa akipika chai ya wageni kila Jumapili, hakuuliza kama tunaweza kuendelea sisi wenyewe. Hata mimi sikuuliza. Nilikuwa tu nimeacha chuo na nilikuwa na shughuli ya kuacha vitu.

Bukoba wao waliendelea kupata mitihani. Vita ya Pili, Wajerumani wakakamatwa tena, na Msweden Bengt Sundkler akafika 1942. Baadaye, 1961, akawa askofu wa kwanza. Mwaka wa 1964 kiti kikaenda kwa Josiah Kibira, mtoto wa hapohapo. Mwaka wa 1977, mkutano ukiwa Dar es Salaam, Kibira alichaguliwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza. Mwaka uliofuata, Oktoba 1978, jeshi la Idi Amin likavuka mpaka na kuingia Kagera, nyumbani kwake, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Huyu jamaa alikuwa anaongoza Walutheri wa dunia nzima huku watu wa kwao wakikimbia na magodoro kichwani.

Nilikuwa nawasimulia mabeshte wangu haya yote huku samaki bado hajafika. Meza ya pembeni kulikuwa na jaduong' mmoja, mvuvi, alikuwa anasikiliza.

"Omera," akaniita. "Huyo Kajerero, jina lake limeandikwa?"

Nikamwambia ndiyo, jaduong', limeandikwa vitabuni.

Akasema baba ya babu yake alichukuliwa kariakor kipindi hichohicho, kubebea Waingereza mizigo. Alitoka kwao na blanketi moja. Hakurudi. Nyumbani hawajui alizikwa upande gani wa ziwa, na kanisa la kwao halina kitabu chenye jina lake.

Akauliza mafuta ya boti kufika Bukoba yanaweza kuwa lita ngapi. Hakuna aliyejua. Samaki wakaletwa, tukamkaribisha, akala upande wa kichwa.