Mbwa Anapokataa Chakula: Dalili Isiyopaswa Kupuuzwa
Kwa wafugaji wa Issuna, wilayani Ikungi, mkoani Singida, mbwa ni mlinzi wa boma na mifugo. Anapoacha kula, huenda ana minyoo, homa itokanayo na kupe au maumivu ya meno. Hata hivyo, akibadilika tabia, akitokwa na mate mengi na kushindwa kumeza, ashukiwe kuwa na kichaa cha mbwa. Mwenye mbwa asimpanue kinywa kutafuta mfupa uliokwama, kwani ugonjwa huu huambukizwa kwa mate. Mbwa afungiwe na afisa mifugo aarifiwe. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi kituo cha afya kupata chanjo. Dalili zikishajitokeza, ugonjwa hauna tiba. Kinga ya uhakika ni kumchanja mbwa kila mwaka.