Sakafu ya Maua: Tusiivunje

Wazee wetu wa Kagera walitandika nyasi ndani ya msonge, ikapendeza. Ukifika Mji Mkongwe wa Unguja utaona majengo ya zamani yenye sakafu ya vigae vya saruji, vyenye maua na nyota. Vigae hivi vilianza kutengenezwa Ufaransa katika karne ya 19.

Maua hayo siyo rangi ya kupakwa. Fundi huweka vigawanyo vya bati ndani ya kalibu ya chuma. Humimina saruji nyeupe iliyotiwa rangi, kila rangi chumba chake. Huchomoa vigawanyo, hutia saruji na mchanga juu, kisha hukandamiza kwa mashine. Akikigeuza kigae, maua yako juu. Hakichomwi kama tofali. Hukomaa kwa maji.

Tabaka la rangi ni milimita 3 au 4 hivi. Ndiyo maana maua hayafutiki upesi kwa miguu ya watu. Lakini ndimu, siki na asidi hula saruji. Tupige deki kwa maji na sabuni isiyo kali. Kigae kikilegea, kiinuliwe polepole, kisafishwe, kirudishwe kwa saruji.

Basi, ndugu wa kamati za ujenzi, mkikarabati jengo la zamani la umma, msikimbilie nyundo. Kigae kikivunjika, si rahisi kumpata fundi wa kutengeneza mwenzake.