Ziwa Lililokuwa Kituo cha Ndege: Matembezi ya Watoto Naivasha

Mtoto anayekua Karagita, Kihoto au Kamere hulijua Ziwa Naivasha kwa samaki, kwa mashamba ya maua na, katika miaka ya karibuni, kwa mafuriko. Ni wachache wanaojua kwamba ziwa hilo hilo liliwahi kuwa kituo cha ndege. Kati ya mwaka 1937 na 1950, ndege zilizobeba abiria na barua kutoka Uingereza zilitua juu ya maji yake, na wasafiri waliokuwa wakienda Nairobi walishukia hapo.

Kwa familia inayotafuta matembezi ya siku moja ndani ya kaunti, historia hii ni sababu nzuri ya kwenda ziwani. Hata hivyo, mzazi anahitaji kujiandaa. Naivasha hakuna ndege ya kale ya kutazama, kwa hivyo mtoto asiyeelezwa kitu ataona maji tu. Isitoshe, ufuo una viboko, na matembezi yasiyopangwa yanaweza kuishia kwa msiba.

Kwa nini ndege zilitua majini

Miaka ya 1930, viwanja vizuri vya ndege kati ya Misri na Afrika Kusini vilikuwa vichache. Kujenga njia ndefu ya kutulia ndege nzito kuligharimu pesa nyingi, na mvua ikinyesha, uwanja wa udongo uligeuka tope. Maji, kwa upande mwingine, yalikuwapo tayari: Mto Nile, Ziwa Victoria na Bahari Hindi.

Kampuni ya Uingereza ya Imperial Airways iliagiza ndege za majini aina ya Short Empire. Tumbo la ndege hizo liliundwa kama mashua ili lielee, na chini ya kila bawa palikuwa na boya la kuizuia ndege isilale upande. Kila moja ilikuwa na injini 4. Kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya bawa la pili ilikuwa karibu mita 35, sawa na matatu saba za abiria 14 zikipangwa moja nyuma ya nyingine.

Safari ilianzia Southampton, ikapita Misri na Sudan, ikafika Kisumu, kisha Mombasa na Dar es Salaam, hadi Durban. Ilichukua siku kadhaa, na usiku abiria walilala hotelini. Naivasha ilifaa kwa sababu ndilo ziwa kubwa la maji baridi lililo karibu na Nairobi, umbali wa kilomita 90 hivi kwa barabara. Maziwa ya Nakuru na Elmenteita ni ya magadi na kina chake ni kifupi.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, viwanja vya nchi kavu viliongezeka na ndege za magurudumu zikawa bora zaidi. BOAC, kampuni iliyorithi Imperial Airways, iliacha kutumia ndege za majini mwaka 1950. Hakuna hata ndege moja ya aina ya Empire iliyobaki nzima duniani leo.

Mwari kama mwalimu

Ingawa ndege hizo hazipo, ziwa lina viumbe wanaoruka na kutua kwa namna ile ile. Mwari ni ndege mzito. Anapotua, hutanguliza miguu, huteleza juu ya maji, kisha huketi na kuelea. Anapotaka kuruka, hukimbia juu ya maji huku akipiga mabawa mpaka apate kasi ya kutosha. Ndege za majini nazo zilihitaji mbio ndefu juu ya maji kabla ya kupaa.

Mtoto anaweza kuulizwa maswali mawili anapomtazama mwari. La kwanza: anaruka akielekea upepo au akiupa mgongo? Mara nyingi ataona kwamba anauelekea, kwa kuwa upepo wa mbele husaidia mabawa kumwinua mapema. Rubani alifanya vivyo hivyo, na ziwa lilimruhusu kuchagua upande wowote upepo ulikotoka. La pili: kwa nini ni vigumu zaidi kupaa kutoka Naivasha kuliko Mombasa? Ziwa liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi, mabawa hupata nguvu ndogo, na ndege hulazimika kukimbia umbali mrefu zaidi.

Kabla ya safari, watoto wanaweza kupima mita 35 kwa kamba katika uwanja wa shule. Wakifika ziwani, watakuwa na kipimo cha kuwazia ukubwa wa ndege iliyokuwa ikielea pale.

Mahali pa kwenda

Mahali panapohusishwa zaidi na safari hizo ni hoteli ya Lake Naivasha Country Club, kando ya Barabara ya Moi South Lake. Kwa kuwa ni mali ya kibinafsi, familia inashauriwa kupiga simu mapema na kuuliza ada ya kuingia na masharti kuhusu chakula kutoka nje. Wasiotaka kulipia hoteli wanaweza kulitazama ziwa kutoka fuo za umma za Karagita na Kamere, ambako wavuvi hushushia samaki wao.

Usalama wa watoto

Kiboko huonekana mzito na mzembe, lakini akiwa nchi kavu anaweza kumshinda mtu mbio. Hutoka majini jioni kula nyasi na hurudi alfajiri. Kwa sababu hiyo:

- Familia iondoke ufuoni kabla ya jua kutua.
- Mtu yeyote asisimame kati ya kiboko na maji, kwa maana huko ndiko anakokimbilia akishtuka.
- Watoto wasiogelee wala kucheza kwenye matete na magugu ya ufuoni, hata kama hakuna mnyama anayeonekana.
- Kila mtoto awe na mtu mzima aliyepewa jukumu la kumwangalia. Katika kundi la shule, jukumu hilo ligawanywe kabla ya kushuka kwenye gari.

Wanaopanda mashua wafanye hivyo asubuhi, maana mchana upepo huvuma na mawimbi huongezeka. Kila abiria avae jaketi la kuokoa maisha, na la mtoto limtoshe mtoto: jaketi la mtu mzima humvuka mdogo anapoanguka majini. Nahodha asiye na jaketi za kutosha, au anayezidisha abiria, akataliwe hata kama bei yake ni nafuu. Dharura ikitokea, nambari za kupiga ni 999 au 112.

Historia inayosogea na maji

Mpaka wa ziwa haukai mahali pamoja. Maji yamewahi kupungua sana, na tangu mwaka 2020 yamepanda hadi kuingia katika nyumba za wakazi wa Kihoto. Ufuo wa leo si ule walioukanyaga abiria wa mwaka 1937. Pale mtoto anaposimama akiwa pakavu, huenda zamani palikuwa maji, na penye maji leo pengine palikuwa njia ya watu.

Kumbukumbu za watu nazo zinapungua. Aliyekuwa na umri wa miaka 10 ndege ya mwisho ilipoondoka sasa amepita miaka 80. Familia yenye mzee aliyekulia kando ya ziwa, au aliyesimuliwa na wazazi wake waliofanya kazi huko, inaweza kuanzia safari kwake. Watoto wamuulize aliona nini, mngurumo wa injini ulisikika kutoka wapi, na nani alipokea mizigo. Majibu yaandikwe katika daftari pamoja na tarehe na jina la mahali, na nakala moja ipelekwe shuleni, ambako watoto wengine wataweza kuisoma.